Mwaka Tuliopanga Kwenda Kwenye Theluji

Mwezi wa tisa, wakati joto la Doha bado linakupiga usoni ukifungua tu mlango, mwajiri wangu aliniita sebuleni akaniambia nimtafutie mji wa kuteleza kwenye theluji. Nilimwomba arudie. Akarudia pole pole, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Sista, mji. Mlima. Theluji. Familia yote, mwezi wa kumi na mbili. Na Mama pia."

Mimi ni nesi. Niliajiriwa kumhudumia mama yake, bibi wa miaka themanini na ushei, ambaye moyo wake ulikuwa umechoka na kumbukumbu zake hazikai mahali pamoja. Kazi yangu ilikuwa dawa, kumwogesha, kumpima presha, kuangalia miguu isivimbe, na kuzungumza naye. Hilo la kuzungumza ndilo lililonipa kazi. Bibi alizaliwa Unguja, akaolewa Ghuba akiwa binti, na kwa miaka mingi alizungumza Kiarabu na watu wote wa nyumba ile. Ugonjwa ulipoanza kumwibia maneno, ulianza na yale ya Kiarabu. Kiswahili kikabaki. Mwanawe alikielewa nusunusu, wajukuu hawakukijua kabisa, wakaona heri watafute nesi Mkenya.

Hata sisi wawili hatukuelewana moja kwa moja. Mimi ni mtu wa Kinangop, na Kiswahili changu ni cha shule na cha wodini. Siku ya kwanza nilimwambia, "Habari yako, Bibi." Akanitazama mpaka nikajiuliza kama anasikia. Kisha akasema, "Kwani kwenu hamwamkiani?" Ikabidi nijifunze kusema shikamoo, neno ambalo kwetu nilikuwa nimelisoma zaidi ya kulisema.

Theluji yenyewe aliileta Bibi. Kila asubuhi nikimvisha soksi zake za kubana alikuwa na swali moja: "Mwanangu, lini tunarudi kule kwenye theluji?" Kilichonitatiza ni hilo neno kurudi. Nilimwuliza mwanawe kama mama yake aliwahi kufika nchi za baridi. Akacheka. "Mama? Zanzibar, kisha hapa. Makka mara tatu. Khalas, basi." Mkewe alidhani ni vipindi vya televisheni, kwa sababu mchana Bibi huachiwa ikiwaka. Lakini yule bwana lilimwingia moyoni. Watoto wake watatu walikuwa wamemsumbua miaka miwili wakitaka kujifunza kuteleza, sasa na mama yake anaomba theluji. Akaona ayaunganishe yote katika safari moja. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyejua Bibi anahitaji nini, mimi ndiye nitakayetafuta mji.

Nilikalishwa mbele ya kompyuta ya watoto, saa ambazo Bibi analala mchana. Ndani ya siku tatu nilikuwa sijui mbele wala nyuma. Niliandika majina ya miji minne ya milimani, nikaisoma yote, nikalinganisha, ndipo nikagundua miwili kati yake ni mji mmoja wenye majina ya lugha mbili. Niliona nyumba zinazosifiwa kwamba unaweza kuingia na kutoka ukiwa umevaa skii miguuni. Skii ni zile mbao ndefu za kutelezea. Nikawaza, nani anataka kuingia na mbao sebuleni? Kulikuwa na ramani za mlima zenye njia za rangi: kijani, buluu, nyekundu, nyeusi. Mimi nimefanya kazi ya dharura. Kwetu mgonjwa wa kijani anajitembeza mwenyewe, mwekundu anaingizwa haraka, na mweusi ni yule ambaye hakuna la kumfanyia tena. Nikasoma hoteli moja ikijisifu kuwa iko mita chache tu kutoka njia nyeusi, nikaifunga haraka. Mtoto mkubwa wa nyumba ndiye aliyenieleza kwamba nyeusi ni ya mabingwa.

Mji uliompendeza bwana hauruhusu magari. Nikapiga simu hotelini nikauliza kiti cha magurudumu cha Bibi kitafikaje kutoka stesheni.

"Kwa gari la farasi, bibie, au kwa kigari cha umeme," msichana wa mapokezi akanijibu kwa Kiingereza. "Inategemea theluji."

"Inategemea vipi?"

"Ikiwa nyingi."

"Na ikiwa kidogo?"

"Hapo pia inategemea."

Nilimshukuru. Nikaandika kwenye daftari: inategemea.

Picha za mji nilimwonyesha Bibi kwenye simu yangu, nikitumaini atafurahi. Alizitazama moja moja kama mtu anayechagua kitambaa. "Siyo huu," akasema.

"Upi basi, Bibi?"

"Ule wenye nyumba za mbao. Juu ya mapaa wameweka mawe, upepo usichukue paa."

Niliposoma nikakuta kweli, kuna vijiji vya milima ile ambako nyumba za zamani zina mawe juu ya paa. Nilikwenda kumwambia mke wa bwana. Akainua mabega. "Televisheni," akasema.

Mwezi wa kumi tulikwenda kuomba viza. Pale dirishani nilikwama kabla hata ya Bibi. Kitambulisho changu cha ukaazi kinasema mimi ni mfanyakazi wa nyumbani, barua ya mwajiri inasema mimi ni nesi, na vyeti vyangu vya Kenya vinasema nesi. Karani akaniuliza, "Wewe ni nani kati ya hao?" Nilikuwa nimeishi na karatasi hizo miaka mitatu bila mtu kuziweka pamoja mezani. Mwajiri akanijibia: nesi. Karani akaandika anachojua yeye.

Kisha akageukia fomu ya Bibi. "Amewahi kusafiri kwenda Ulaya?"

"Hapana," mwanawe akajibu.

Bibi akanivuta mkono. "Anauliza nini huyo?"

Nikamweleza.

"Mwambie nimekwenda," Bibi akasema. Alisema bila hasira, kama mtu anayesahihisha jina lake likiandikwa vibaya.

Sikutafsiri. Karani alituangalia wote watatu, na mimi nikaangalia kiatu changu.

Lazima niseme na upande wangu. Nilikuwa nimeshampigia mama yangu simu nikamwambia naenda Ulaya. Mama ni mkulima wa viazi, na theluji anayoijua ni ule umande unaoganda usiku ukababua shamba zima. "Unasafiri mbali hivyo kwenda kuangalia baridi inayoua viazi?" akaniuliza. Lakini alifurahi, nilimsikia. Akawaambia wamama wa kanisani, wakaniombea Jumapili mbili mfululizo, na akafuma sweta zito la rangi ya kahawia akampa jirani aliyekuwa anarudi kazini Doha aniletee. Nililipokea nikiwa natokwa jasho. Nikalikunja nikaliweka juu ya sanduku, mahali ambapo nitaliona kila nikiingia chumbani.

Viza zikatoka, yangu pia. Bwana akapata wazo la kumpima Bibi kwanza. Hapa mjini kuna ukumbi wa theluji ndani ya duka kubwa moja, wanaugandisha kwa mashine watoto wakacheze. Ijumaa moja alasiri tukaenda: yeye, mkewe, watoto, Bibi na mimi. Mlangoni wakatupa makoti na mabuti. Nje watu walikuwa wamevaa kandambili.

Ndani, kiti cha magurudumu kilizama kikakataa kwenda. Nilikuwa nainama nikitafuta namna ya kukinasua, Bibi akasema, "Nisimamishe." Nikamshika. Akasimama akanyoosha mkono mmoja pembeni. Mimi nilikuwa natembea kwa ncha za vidole, naogopa kuanguka naye.

"Usikanyage hivyo," akaniambia. "Weka unyayo mzima. Magoti yalegeze. Hatua fupifupi, kama bata."

Nikafanya alivyosema. Miguu ikashika. Tulitembea hatua saba au nane hivyo, ajuza akiniongoza, na watoto waliacha kucheza wakatutazama.

"Nani alikufundisha, Bibi?"

"Mwalimu."

"Mwalimu gani?"

"Si yule wa koti la kijivu," akasema, kana kwamba na mimi nilikuwa darasani.

Mwanawe alikuwa anapiga picha, anacheka, macho yamemlowa. Ndipo Bibi akaanza kukohoa. Nikamkalisha. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi kidogo. Nikatoa kile kipimo kidogo cha kubana kidoleni, kinachosoma oksijeni ya damu. Kwa kawaida Bibi hucheza kwenye tisini na nne. Kikasoma themanini na sita, na chini ya tisini ni hatari.

Nesi yeyote anajua kidole cha baridi hudanganya kile kipimo. Nikautia mkono wake ndani ya koti langu, nikausugua, tukatoka nje kwenye viti vya mkahawa. Kikapanda, themanini na tisa, tisini. Baadaye tisini na mbili. Bwana akauliza, "Mama yuko sawa?" Nikasema, "Alipata baridi kidogo." Haikuwa uongo. Jioni ile, kwenye daftari langu la kila siku, niliandika presha, dawa, mkojo na chakula. Namba ya ukumbini sikuiandika.

Siku nne sikuiandika. Nilijiambia ni kidole. Nilimpima asubuhi na jioni, yuko tisini na nne, nikajiambia unaona? Halafu nikiingia chumbani nalikuta lile sweta.

Siku ya tano mdogo wake Bibi alipiga simu ya video kutoka Muscat, kama afanyavyo kila wiki. Bibi alikuwa amesinzia, nikapokea mimi. Huyu ni mama mchangamfu, na Kiswahili chake hakijapotea hata tone. Baada ya kumwamkia nikamwuliza bila kupanga: "Bibi mdogo, dada yako aliwahi kufika nchi ya theluji?"

Uchangamfu ukamtoka. "Nani kakwambia habari hizo?"

"Mwenyewe. Kila siku anasema anataka kurudi."

"Hakwenda, mwanangu. Alikuwa aende."

Akanisimulia. Dada yake alipokuwa na miaka kumi na minane alichaguliwa pamoja na wasichana wengine wachache kwenda ng'ambo kusomea ukunga, nchi ya baridi. Aliletwa mwalimu wa kigeni kuwatayarisha, miezi sita. Aliwafundisha lugha, aliwafundisha kula kwa uma na kisu, akawaonyesha picha za kule watakakoishi. Siku moja akamwaga maji ya sabuni kwenye sakafu ya saruji darasani, akawaambia wavuke bila kuanguka. "Dada alirudi nyumbani kalowa mgongo mzima," mama yule akasema. "Akanifundisha na mimi ukumbini kwetu. Mama alitugombeza!" Fundi cherehani alimshonea koti kutokana na blanketi. Wiki moja kabla ya safari baba yao akaleta habari kwamba kuna posa kutoka Ghuba, ya watu wenye heshima zao, na ameikubali.

"Na yeye alisemaje?"

"Wakati ule tulikuwa tunasema nini? Koti tukamtandikia mtoto wa shangazi. Tangu siku hiyo sijamsikia kulitaja. Miaka yote nilidhani kasahau."

Simu ilipokatika nilikaa pale pale. Bibi alikuwa anakoroma taratibu, mdomo wazi. Sikujua nimefurahi au nimehuzunika, na zaidi ya yote sikujua sasa nifanye nini. Kama hajawahi kufika, basi ndiyo haki yake afike. Na kama atafika halafu pumzi zimshinde juu kule, katika mji usio na gari hata moja? Mwanamke amesubiri maisha mazima, halafu mimi nimkatalie kwa ajili ya kidole kilichopoa? Au nimpeleke akafe kwa ajili ya sweta langu? Kila nilipoanza kufikiri upande mmoja, nilijikuta nimemalizia upande wa pili.

Siku hiyo hiyo, bwana aliporudi kutoka kazini, nilimwomba tuzungumze. Nilimwambia yote mawili, kwa Kiingereza. Nilianza na posa.

Alisikiliza akiwa amesimama, funguo za gari mkononi. "Baba yangu alijua?" akauliza.

"Sijui."

"Alijua Mama alikuwa anaenda kusoma?"

"Sijui, Bosi. Mama yako mdogo hakusema."

Akakaa. Nikamwambia kuhusu themanini na sita.

"Lini?"

"Ijumaa."

"Leo ni Jumatano."

"Ndiyo."

"Kwa nini, Sista?"

Nilikuwa nimetayarisha maelezo ya kidole na baridi. Nikaona aibu kuyatoa. "Nilitaka kwenda," nikasema.

Hakunifokea. Labda angenifokea ningejua pa kuweka uso wangu. Aliniuliza tu, "Wewe ndiye nesi. Unasema aende au asiende?"

"Kidole kilikuwa baridi. Huenda kipimo kilidanganya. Na huenda hakikudanganya."

"Hilo si jibu."

"Najua," nikamwambia.

Tulimpeleka kwa daktari wa moyo. Akampima, akakuta maji kidogo kwenye mapafu, akaongeza dawa ya kukojoa. Kuhusu safari alisema kule juu hewa ni nyembamba, na kwamba yeye hashauri. Bwana akambana: "Unakataza?" Daktari akasema, "Sishauri." Akamwuliza tena namna nyingine, akapata jibu lile lile. Ndani ya gari Bibi aliuliza mara mbili kwa nini tunapita njia ndefu.

Mwisho wake familia iligawanyika. Hoteli ilikuwa imeshalipiwa na watoto hawakuwa na kosa, kwa hiyo mkewe akaenda nao, akafuatana na kaka yake. Bwana mwenyewe, siku mbili kabla ya safari, akasema habanduki. Mkewe alinijia jikoni. "Umemwambia nini mume wangu?" akauliza. Nikamwambia, "Habari za mama yake." Akanitazama, akaenda zake, na mpaka leo sina hakika kama ananilaumu.

Zile siku kumi bwana alikaa nyumbani. Nilizoea kumwona akiingia chumbani kwa mama yake, akimbusu paji la uso na kutoka. Sasa alileta kiti. Aliniomba nimtafsirie, kisha akaanza kuuliza maneno mwenyewe: hiki kinaitwaje, vile vinasemwaje. Alitaka kumwuliza mama yake juu ya ukunga, alifanya mazoezi ya swali hilo na mimi kwanza, kama mtoto anayekwenda kusoma ubao. Alipouliza, Bibi akamjibu, "Nilizalisha wengi." Akamtajia na watoto wenyewe: mmoja alizaliwa na kitovu shingoni, mwingine mama yake alikuwa na homa.

Mwanawe akanigeukia. "Ni kweli hii?"

Huenda aliwahi kuzalisha majirani, wanawake wa zamani walisaidiana. Na huenda ni yale yale ya theluji. Nikasema, "Endelea kumwuliza." Akaendelea.

Mchana video za watoto zilikuwa zinaingia, wanaanguka, wanacheka, uso umejaa weupe. Bibi alizitazama kwa makini. Siku ya tatu akasema, "Tulipofika sisi theluji ilikuwa nyingi zaidi." Bwana akamshika mkono akasema kwa Kiswahili chake, "Ndiyo, Mama. Nyingi." Nilitoka nikajifanya naenda kuchukua maji. Shuleni tulifundishwa kumrudisha mgonjwa kwenye ukweli kwa upole. Hatukufundishwa ukweli upi.

Krismasi mama yangu alinipigia simu kunitakia heri. Nilikuwa nimeshamwambia kwamba safari ilivunjika, na alikuwa amenipa pole kwa sauti ya kukatika. Tukiwa tunaongea Bibi akauliza ni nani. Nikasema ni mama. Akanyoosha mkono, nikampa simu, kwa kuwa hupenda kusalimiana na watu.

"Mama, mwanao hajambo," Bibi akasema. "Tulikwenda naye theluji. Anatembea vizuri sana. Mwanzoni aliogopa, lakini nilimshika mkono."

Niliisikia sauti ya mama yangu ikipanda. "Kumbe mlienda!"

"Tulikwenda, ndiyo. Baridi kali, lakini tulikwenda."

Niliporudishiwa simu mama alikuwa anacheka na kulia. "Mbona ulinificha? Ulitaka kunishtua?" Nikafungua mdomo nimsahihishe. Bibi alikuwa ananitazama, ametulia, ametosheka. Nikamwambia mama kwamba tutaongea vizuri nikija likizo.

Likizo ilikuja mwezi wa nne, na sikuongea vizuri. Habari ilikuwa imeshafika kanisani, imeshatolewa hata ushuhuda. Baada ya ibada mama mmoja mzee, mkulima kama mama yangu, alinishika kiwiko pembeni ya uzio. Alitaka kujua jambo moja tu: ni kweli theluji ikianguka haitoi sauti yoyote, si kama mvua?

Ile ya ukumbini haikuwa inaanguka, ilikuwa imelala tu sakafuni. Lakini nilimwambia ndiyo, ni kweli, haina sauti kabisa. Nilikuwa na hakika nilipolisema. Mpaka leo sijajua hakika hiyo niliipata wapi.